Muziki wa Mozart wa bure kwa mtoto: Unapatikana wapi, na unampa nini?

Ni saa nne usiku Kimara, jijini Dar es Salaam. Mtoto wa miezi mitano amegoma kulala, baba yuko zamu ya usiku, na mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ukimpigapiga mtoto mgongoni, mwingine ukiperuzi simu. Mchana jirani yake alimwambia: “Shoga, mwekee Mozart. Wenzako wote wanaweka. Mtoto analala, halafu akienda shule anakuwa na akili.”

Akaandika anachokitafuta: muziki wa klasiki wa watoto, kupakua bure.

Dakika ishirini baadaye hakuwa na wimbo hata mmoja. Ukurasa wa kwanza ulimfungulia matangazo ya kubeti. Wa pili ulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani. Alipokibonyeza, kilichoshuka hakikuwa muziki bali programu, nayo ikaomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi na orodha ya majina kwenye simu yake. Akaifuta haraka. Yeye ni mhazini wa kikoba, na fedha za wenzake hupitia kwenye simu hiyohiyo. Mwisho akaangukia video ya saa nane ya muziki wa kulaza watoto. Ilianza vizuri, mtoto akasinzia, kisha tangazo la sabuni likaingia kwa sauti ya juu. Mtoto akaamka akilia. Asubuhi bando la wiki lilikuwa limekwisha.

Muziki aliokuwa akiutafuta upo, ni halali, na kweli ni wa bure. Vipande vitatu au vinne vya kumtosha mtoto usiku mzima havifiki hata MB 15. Kilichomponza ni mahali alipoutafuta na, pengine, sababu iliyomfanya autafute.

Hii habari ya akili ilitoka wapi?

Imani kwamba muziki wa Wolfgang Amadeus Mozart humwongezea mtoto akili ina tarehe ya kuzaliwa. Oktoba 1993, Frances Rauscher na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, nchini Marekani, walichapisha ripoti ya ukurasa mmoja tu katika jarida la kisayansi la Nature. Waliwachukua wanafunzi 36 wa chuo. Kila mmoja, kwa nyakati tofauti, alisikiliza kwa dakika 10 sonata ya Mozart ya piano mbili, maelekezo ya kutuliza mwili, au alikaa kimya. Baada ya hapo walipimwa uwezo wa kufikiri kuhusu maumbo, kama vile kukunja na kukata karatasi kichwani. Baada ya Mozart, alama zao zilikuwa juu kwa pointi nane hadi tisa. Nafuu hiyo ilidumu dakika 10 hadi 15, basi.

Katika jaribio hilo hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja, wala watafiti hawakusema kwamba muziki huo hujenga ubongo wa mtoto. Lakini habari ikishatoka mdomoni haina breki. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba dola 105,000 za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa katika jimbo hilo apewe rekodi ya muziki wa klasiki. Kanda, diski na video za “kumfanya mtoto awe na akili” zikajaa madukani, na leo zimehamia kwenye simu.

Wanasayansi waliorudia jaribio lile hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1999 watafiti wa Canada, Kristin Nantais na Glenn Schellenberg, walilinganisha Mozart na hadithi ya mwandishi Stephen King iliyosomwa kwa sauti. Waliopenda Mozart walifanya vizuri zaidi baada ya Mozart. Waliopenda hadithi walifanya vizuri zaidi baada ya hadithi. Kumbe kilichosaidia ni kuchangamka na kufurahi, si noti za Mozart. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, mji ambao Mozart mwenyewe aliishi na kufia, walikusanya karibu tafiti 40 zenye washiriki zaidi ya 3,000 na kukuta ushahidi mdogo sana wa kuunga mkono madai hayo.

Kwa hiyo mzazi ambaye hajawahi kumwekea mtoto Mozart hajamnyima kitu darasani. Hili linastahili kusemwa wazi, kwa sababu wapo wanaolipia programu kila mwezi kwa hofu ya kumchelewesha mtoto.

Basi muziki unasaidia nini?

Unasaidia kutulia, na hapo ushahidi ni mzuri zaidi. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika katika vitengo vya watoto wachanga vya hospitali 11 nchini Marekani, ukihusisha watoto njiti 272. Watoto hao walipigiwa sauti nyororo na kuimbiwa palepale, si kuwekewa rekodi. Mapigo ya moyo yalipungua kasi, na baadhi yao walinyonya na kulala vizuri zaidi. Watafiti waliwaomba wazazi wachague wimbo wenye maana kwao, ukapunguzwa kasi na kugeuzwa wa kubembeleza. Wazazi nao walipungukiwa na wasiwasi.

Bibi aliyembeba mjukuu mgongoni kwa kanga huku akiimba kwa sauti ya chini anaijua habari hiyo siku nyingi. Yeye huimba polepole, hurudia maneno yaleyale, na mtoto husikia sauti hiyo kupitia mgongo wake na kuona joto la mwili. Hakuna faili la kupakua linaloleta hivyo vyote.

Lakini bibi hayupo kila usiku, na mama aliyeshinda amesimama kibandani kwake hana sauti ya kuimba saa nzima. Rekodi tulivu ni msaidizi mzuri hapo, hasa ikiwa ni ileile kila siku, kwa saa ileile, baada ya kuoga na kunyonya. Mtoto huanza kuitambua kama dalili kwamba siku imeisha. Muziki wa klasiki unafaa kwa sababu moja ya kawaida kabisa: vipande vingi havina maneno wala ngoma, na wazazi wanaweza kuvivumilia mwezi mzima bila kukereka. Wala si mgeni sana kama unavyodhaniwa. Kwaya nyingi za makanisani huimba “Haleluya” ya Handel kila Krismasi na Pasaka, na huo ni muziki wa mwaka 1741.

Bure ya kweli na bure ya mtego

Mozart alifariki mwaka 1791, Bach mwaka 1750. Kwa sheria za Tanzania na Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo tungo zao hazina mwenyewe tena. Hapa ndipo wengi huteleza. Utungo ni kitu kimoja, rekodi ni kingine. Mpiga piano aliyeingia studio miaka mitano iliyopita kupiga Bach ana haki zake kwenye rekodi ile, sawa na msanii wa bongofleva. Anayeipakua kwenye ukurasa wa wizi anamwibia mpiga piano, si Bach.

Bure ya kweli ipo pale wenye rekodi walipoamua wenyewe kuitoa. Mfano mkubwa ulitokea Juni 2005, Radio 3 ya BBC ilipoweka mtandaoni simfoni zote tisa za Beethoven zilizopigwa na BBC Philharmonic, kila moja kwa siku chache tu. Zilipakuliwa zaidi ya mara milioni 1.3. Baadhi ya kampuni za kuuza muziki zilinuna, zikihofia watu watazoea vya bure.

Ule ulikuwa mlango wa muda. Uliobaki wazi hadi leo ni ule wa mpiga piano Kimiko Ishizaka. Mwaka 2012 alirekodi tungo za Bach ziitwazo Goldberg Variations kwa michango ya wapenzi wa muziki, kisha akaziachia zote: mtu yeyote apakue, anakili, ampe jirani, hata aziuze. Kwa mzazi wa mtoto asiyelala zina mvuto wa pekee. Masimulizi ya zamani yanasema Bach aliziandika kwa ajili ya mheshimiwa mmoja aliyekuwa hapati usingizi, na kijana aitwaye Goldberg alikuwa akimpigia usiku. Wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hiyo, maana zilipochapwa mwaka 1741 Goldberg alikuwa na miaka 14 tu. Hata hivyo kipande cha kwanza, kiitwacho Aria, ni kitulivu hasa.

Mahali pengine pa kuanzia ni Musopen, taasisi ya Marekani isiyo ya kibiashara inayokusanya rekodi zisizo na masharti. Mwaka 2010 ilichangisha zaidi ya dola 68,000 ili ilipe okestra irekodi simfoni na kuzigawa. Hufunguliwa akaunti ya bure, na asiyelipia huwekewa kikomo cha vipande kwa siku, jambo lisilomsumbua anayetaka vinne. Wikimedia Commons, ghala la picha na sauti linalotumiwa na Wikipedia, nalo lina rekodi nyingi, na kila moja imeandikwa chini yake masharti ya kuitumia.

Vipi kuhusu maduka yenyewe ya muziki mtandaoni? Yapo makubwa yanayouza kwa nchi chache tu. Mteja wa Tanzania hufika kwenye malipo akakwama, hata pale bei inaposomeka sifuri. Rahisi zaidi ni Bandcamp, ambako msanii hupanga bei mwenyewe. Baadhi yao huacha sehemu ya bei wazi ili mnunuzi ajaze anachoweza. Kama msanii hakuweka kiwango cha chini, mnunuzi anaruhusiwa kuandika sifuri. Huo si ujanja wala wizi, ndivyo duka lilivyotengenezwa. Wakati mwingine huombwa barua pepe ili kiungo cha kupakulia kitumwe huko. Kadi ya benki haihitajiki kwa kitu cha sifuri.

Kadi ndiyo mstari wa kuutazama. Duka linalosema “bure siku 30” huku likitaka namba ya kadi halitoi muziki wa bure, linafungua mkataba wa malipo ya kila mwezi ambao mzazi mwenye usingizi hatakumbuka kuufuta. Tena nyimbo “zilizopakuliwa” ndani ya programu za aina hiyo hubaki humohumo ndani. Ukiacha kulipa, zinafungwa. Faili halisi ni lile unaloweza kulihamishia kwenye flashi.

Kabla ya kufungua chochote kilichoshuka, tazama mwisho wa jina la faili. Likiishia na mp3, ni muziki. Likiishia na apk, ni programu, na muziki hauji kwa sura hiyo. Lifute bila kulifungua. Hata programu iliyotoka kwenye duka rasmi la simu, ikiwa kazi yake ni kupiga muziki, haina sababu ya kusoma ujumbe mfupi, mahali zinapoingia namba za siri za benki na taarifa za pesa za simu. Mama wa Kimara alifanya sawasawa kuifuta ile ya kwake. Ambaye alishairuhusu programu ya aina hiyo aiondoe, kisha abadili namba ya siri ya pesa za simu.

Hesabu ya bando

Faili la mp3 la ubora wa kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu MB 1 kwa kila dakika ya muziki. La ubora wa juu, kilobiti 320, hula karibu MB 2.4. Faili lisilobanwa, ambalo huishia na wav, hufika MB 10 kwa dakika. Zile Goldberg Variations, ambazo zikipigwa kamili huchukua kama dakika 80, zinaweza kula MB 80 au karibu MB 190 kutegemea umechagua ipi. Kwenye spika ya simu au sabufa ya sebuleni, mtoto hatajua tofauti, na wazazi wengi pia hawataijua. Chagua ndogo.

Video ya muziki, kwa upande mwingine, huleta picha ambazo hakuna anayezitazama gizani, na kila usiku hulipiwa upya. Faili hupakuliwa mara moja. Mwenye sabufa ya kuchomeka flashi anaweza kupakua kwenye kompyuta ya ofisini, kwa ruhusa, akaja nayo nyumbani bila kutumia hata MB moja ya bando lake.

Kuhusu nini cha kupakua, si kila cha klasiki kinalaza. Wimbo wa kubembeleza wa Johannes Brahms wa mwaka 1868, ambao aliutunga kwa ajili ya rafiki yake aliyejifungua, ni wa dakika mbili hivi. “Träumerei” ya Robert Schumann na “Gymnopédie” ya kwanza ya Erik Satie ni za piano pekee, tulivu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mzazi aikwepe simfoni namba 94 ya Joseph Haydn. Sehemu yake ya pili huanza kwa kunyata kabisa, mtu akadhani amepata dawa, kisha okestra nzima inalipuka mara moja. Haydn alifanya makusudi, na watoto hawaoni utani huo.

Sauti iwe ndogo, simu iwe mbali

Makosa makubwa zaidi hutokea baada ya muziki kupatikana. Simu huwekwa chini ya mto au pembeni ya sikio la mtoto, sauti juu, usiku kucha.

Mwaka 2014 watafiti wa Canada walipima mashine 14 zinazouzwa kwa ajili ya kulaza watoto kwa sauti. Zikiwekwa umbali wa sentimita 30 kwa sauti ya juu kabisa, tatu kati yake zilivuka desibeli 85, kiwango ambacho mtu mzima kiwandani hutakiwa kujikinga akikaa nacho kwa saa nane. Kwa wodi za watoto wachanga kiwango kinachopendekezwa ni desibeli 50. Watafiti walishauri kifaa kiwekwe si chini ya mita mbili kutoka kwa mtoto, sauti iwe ya chini na kisiachwe kikipiga muda mrefu.

Mita mbili katika chumba kimoja cha kupanga ni upande wa pili, juu ya kabati au karibu na mlango. Kipimo rahisi: ukiwa umeinama alipolala mtoto, muziki uwe chini kuliko sauti yako unapoongea kwa utulivu. Kama inabidi upaze sauti ili usikike, umezidisha. Visikizio vya masikioni havimfai mtoto mchanga, na kuviweka juu ya tumbo la mjamzito hakuna faida iliyothibitishwa. Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni ili isiite, na kioo kifunikwe. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi mtoto wa chini ya mwaka mmoja kukaa mbele ya kioo cha simu au televisheni hata kidogo.

Kuna kitu kingine muziki unaweza kumfunulia mzazi, nacho kina uzito kuliko usingizi. Kwa kawaida mtoto mchanga hushtuka kwa sauti kubwa ya ghafla, na akifika miezi sita hugeuza macho au kichwa kutafuta sauti inakotoka. Mtoto ambaye mlango ukibamizwa hashtuki, sabufa ikiwashwa nyuma yake hageuki, au anayetulia pale tu anapomwona mama na si anapomsikia, apelekwe kliniki ya mama na mtoto na mzazi aombe apimwe usikivu. Asiambiwe “atachelewa tu, hata baba yake alichelewa.” Tatizo la usikivu likigunduliwa mapema, mtoto huwahi kusaidiwa kabla umri wa kujifunza kuongea haujapita.

Vivyo hivyo kwa kilio. Mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au aliyelegea hahitaji Brahms, anahitaji kituo cha afya usiku huohuo. Na mtoto wa miezi mitano anayeamka mara mbili kunyonya, kisha akarudi kulala, haumwi wala hajashindikana. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng’enywa haraka.

Huko Kimara, mama yule sasa ana vipande vinne kwenye flashi, jumla MB 11, alivyopakuliwa na mdogo wake chuoni. Sabufa ipo juu ya kabati, upande wa mlangoni. Kila saa mbili na nusu, baada ya kumwogesha mtoto, huiwasha na kuanza kumpigapiga mgongoni. Brahms akiisha, huwa bado wako macho wote wawili. Kwenye Schumann mara nyingi anayesinzia wa kwanza ni mama.

Saa nane mtoto huamka kunyonya, kama kawaida yake.